Reale ya 1780 iliyozaliwa juzi

Masharti ya baraza letu ni mepesi: ukija Jumamosi baada ya Alasiri, njoo na sarafu yako moja, ile unayoamini ni kongwe kuliko zote ulizo nazo. Kahawa chungu na kashata tunachanga. Tunaketi Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Safari hii alikuja kijana mgeni kutoka Kibarani, ng'ambo ya Makupa, anayefanya kazi ya kupima vyuma chakavu. Sarafu yake ilikuwa nyeusi ti, aliitoa ndani ya gunia la nyaya za shaba.

Kabla yake alianza mzee wetu mmoja, na kama kawaida yake alianza kwa kishindo. Aliweka juu ya mkeka reale ya fedha, pana, nzito, yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi. Mwaka umeandikwa wazi: 1780.

"Haya, nani ana ya zamani zaidi?"

Kijana wa Kibarani akaanza kurudisha yake mfukoni. Nikamzuia.

Mwanamke yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani hii walikuwa wameshaizoea sura yake, na walikataa nyingine. Basi Vienna waliendelea kumpiga chapa, mwaka ukabaki uleule. Karne ya 20 zilipigwa pia Rome, London, Paris, Brussels na Bombay, na Vienna hawajaacha hadi leo. Reale iliyotoka mtamboni mwaka 1937 inasema 1780, na iliyotoka juzi inasema 1780. Ukitaka kujua ipi ni ipi, itakubidi uhesabu lulu za kipini kilicho begani na uchunguze manyoya ya mkia wa tai upande wa pili. Wazee wetu waliiita reale ya Sham, kuitenga na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili watu waliziona kama mizinga. Jina la pili ndilo linalonifurahisha. Mji uliopigwa mizinga kiasi kile ungeona nguzo wapi?

Nyingi kati ya reale hizo hazikufika kwetu. Sonara aliziyeyusha zikawa bangili na mitali. Ukimwona bibi harusi wa picha za kale amevaa fedha mpaka kiwiko, ujue pale kuna Maria Theresa kadhaa.

Kilichosalia cha reale ni neno. Sisi tuliosoma shule za zamani tuliita senti 50 thumuni. Thumuni ni sehemu moja ya nane, na senti 50 ni nusu ya shilingi. Hesabu haiingii, mpaka ukumbuke kwamba nane ile ni ya reale, si ya shilingi. Reale ilikwenda kwa takriban rupia mbili. Mwaka 1920 rupia ikawekwa kuwa shilingi mbili za Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Gawanya shilingi nne kwa nane. Sarafu ilikufa, mgawanyo wake ukabaki midomoni mwa watoto waliokuwa wakinunua mabuyu.

Sasa ile nyeusi ya Kibarani. Tuliishika kwa kingo, tukaielekeza kwenye mwanga. Jua lenye taji, mizani, maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu, na jina Mombasa. Mwaka 1888, na 1306 wa Hijria. Ni pesa ya Kampuni, yaani Imperial British East Africa Company, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka ule ule na kukodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kauli mbiu ya Kampuni ilikuwa nuru na uhuru, na uhuru huo uliendeshwa kwa hisa. Mwaka 1895 ikashindwa, ikaiachia serikali ya Uingereza nchi na madaftari.

Hapo mwalimu mmoja mstaafu alitukumbusha jambo lililomnyamazisha mwenye reale. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Pesa nyeusi ya gunia la nyaya imepita mtihani huo. Reale yenye 1780, kama ilipigwa wakati wa vita vya Hitler, haikupita.

Na zipo zisizo na mwaka kabisa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, upande huu ukijibu ule, lakini tarehe hakuna. Tano kati ya hizo ziliokotwa na askari wa Australia mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Karibu nasi zaidi, Mambrui, mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walitoa ardhini sarafu ya mfalme Yongle, yenye tundu la mraba. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Hizo hatuleti barazani. Kilicho ardhini ni mali ya serikali, na anayekiokota anapaswa kutoa taarifa.

Mimi nilileta senti kumi ya tundu ya 1936, tuliyoiita peni, yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvishwa taji. Si kongwe, najua. Naipenda kwa sababu tundu lilimwokoa mchongaji: pasipo nafasi ya kichwa, hapakuhitajika sura. Zamani niliisugua kwa ukwaju mpaka ikang'aa kama kijiko, na thamani yake ikaondoka na maji ya ukwaju. Ndiyo maana nilimwomba kijana asiguse weusi wa pesa yake.

"Na kwa kilo ya shaba?" akauliza.

Ina gramu sita na kitu. Akatoa simu, akapiga hesabu: zinatakiwa zaidi ya 150 kufikisha kilo.

"Basi nangoja hizo nyingine," akasema, akaifunga kwenye karatasi ya kashata.