Kabla ya kupandisha sauti, punguza kitu

Ukiingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo kutafuta spika, muuzaji hakupi maelezo mengi. Anachomeka flashi, anachagua wimbo wenye besi nzito, anapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vinatetema, kisha anakutazama usoni. Akiona unasitasita, anawasha nyingine ya bei ya juu, na hiyo anaipandisha kidogo zaidi. Utaondoka na hiyo ya pili. Pengine hata yeye hajui kilichotokea. Sikio la binadamu likisikilizishwa sauti mbili zinazofanana, ile iliyo juu kwa desibeli moja au mbili tu huliingia kama sauti safi zaidi, yenye besi zaidi na uhai zaidi.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha michoro iliyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Muziki ukiwa chini, besi ndiyo hupotea kwanza. Zinazobaki wazi ni sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, ambako sikio ni kali kuliko kwingine kote. Ukipandisha sauti, besi inarudi. Ndiyo maana redio nyingi za zamani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa LOUDNESS: unakibonyeza usiku, watoto wamelala, na besi inaongezeka bila kuamsha mtu. Wengi wetu leo tunafanya kinyume chake. Tunaitafuta besi kwa kupandisha kila kitu, na tunapoipata, masikio yamekwisha kupokea vinanda, matoazi na sauti ya mwimbaji kwa kiwango ambacho hakuna aliyekihitaji.

Ekwalaiza, yaani kifaa au programu ya kupandisha na kushusha masafa fulani peke yake, ipo kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Lakini kuna watu wa aina mbili ambao hawaitumii inavyopaswa.

Wa kwanza ni wale wanaoiona kuwa udanganyifu. Wamenunua hedifoni za bei mbaya, na kwao kugusa chochote ni kumkosea heshima msanii. Hao ningependa waitazame santuri. Tangu miaka ya 1950, karibu kila santuri duniani, zikiwemo zile za enzi za wanamuziki Mbaraka Mwinshehe na Franco, imekatwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani: besi hupunguzwa sana wakati wa kuchonga mfereji na trebo huongezwa, halafu amplifaya ya nyumbani hurudisha kila kitu mahali pake. Kule chini kwenye hezi 20 marekebisho hayo yanakaribia desibeli 20. Bila kufanya hivyo mifereji ingekuwa mipana mno, wimbo usingeenea kwenye upande mmoja wa sahani, na sindano ingeruka. Hiyo ni ekwalaiza, na kubwa kuliko yoyote utakayoiweka kwenye simu yako.

Wa pili ndio wengi, na ndio wanaonitia wasiwasi. Hawa wakifungua ekwalaiza wanasukuma besi juu, trebo juu, katikati wanaacha bonde. Kisha wimbo unakosa maneno, kwa sababu maneno yako katikati, kwa hiyo wanapandisha sauti yote. Ukiongeza desibeli 3 kwenye masafa fulani umeongeza nguvu yake mara mbili. Ukiongeza 10, ni mara kumi. Mashine nayo ina ukomo wake: muziki wa kidijitali una dari ambalo hauwezi kulipita, na ukiusukuma zaidi unakwaruza na kupasuka. Anayetaka kuongeza desibeli 6 kwenye besi lazima kwanza ashushe priampu, yaani kiwango cha sauti yote kabla ya marekebisho, kwa desibeli 6 hizo hizo. Programu nzuri za simu na kompyuta zina sehemu hiyo juu kabisa, na watu huipita bila kuiangalia.

Mimi nashikilia njia nyingine: kata kwanza. Chukua wimbo wa taarab ya kisasa unaoujua neno kwa neno, ambao kinanda na gitaa la besi vimesongamana hata mwimbaji anasikika kana kwamba yuko chumba cha pili. Mkono utakwenda kwenye hezi 3,000 umsogeze karibu. Uache. Nenda kati ya hezi 200 na 400, ambako ndiko kunakofanya muziki uwe na ukungu, ushushe desibeli 3 au 4. Sikiliza ubeti mmoja. Mara nyingi mwimbaji anajitokeza mwenyewe, na unagundua kwamba sauti ya jumla sasa inaweza kushuka na hujakosa neno hata moja. Kama baada ya hapo kila "sh" na kila "s" inachoma sikio, na Kiswahili kinazo nyingi, tafuta kati ya hezi 6,000 na 9,000 na upunguze kidogo, kwa mkanda mwembamba.

Kwa kazi ya namna hii, ekwalaiza yenye vishikizo vitano vya kupanda na kushuka haitoshi sana. Inayofaa ni ile ya parametriki, aliyoieleza mhandisi wa sauti George Massenburg mwaka 1972, ambayo unaamua mambo matatu: mahali unapogusa, kiasi unachogusa, na upana wa eneo. Ukimaliza, iwashe na kuizima mara kadhaa, lakini hakikisha hali zote mbili ziko sawa kwa kimo cha sauti. La sivyo utarudi kule kule kwa muuzaji wa spika.

Kuna mambo ambayo ekwalaiza haiwezi kuyafanya. Sahani alizorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 hazina trebo ya kuamshwa, na ukiipandisha unaongeza mchakaricho wa sindano tu. Na besi ikikosekana kwenye spika ndogo za kuchomeka masikioni, badilisha kwanza vile vimpira vya mwisho. Kimpira kisichoziba vizuri huvujisha besi yote nje, na kuijazia kwa ekwalaiza ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Wanaolipenda jambo hili kupita kiasi, na mimi nimo, hupenda pia kujipima kwa sauti moja ndefu inayopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000. Ni kipimo kizuri cha kutafuta sehemu zinazotoboa masikio, ila kina mtego. Kuanzia hezi 14,000 au 15,000 watu wazima wengi hawasikii kitu, kwa sababu umri huanza kupunguza masafa ya juu. Mtu akisikia kimya anadhani mashine imenyamaza, anapandisha sauti. Mlio ule bado unaingia sikioni, na akiurudisha chini kwenye hezi 4,000 bila kushusha sauti ataruka kitini. Kipimo hicho kifanyike kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, na ukifika mahali husikii, kubali umri wako.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila unapoongeza desibeli 3, muda unakatika nusu, hivi kwamba ukifika 90 umebakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Tatizo ni kwamba mara nyingi simu haiwezi kukupimia vizuri kilichomo ndani ya hedifoni. Njia rahisi ni kuchagua sauti ukiwa chumba tulivu, kukumbuka alama uliyoiacha, na kutoivuka ukiwa nje. Kwenye daladala, injini inanguruma, konda anagonga bati, na dereva ana redio yake, hapo mkono unapanda wenyewe. Hedifoni zinazozima kelele hulipa gharama yake hapo, maana zinaondoa mngurumo na muziki unabaki chini. Juu ya bodaboda usivae hedifoni kabisa, ila hilo ni suala la shingo, si la masikio.

Usiseti ekwalaiza baada ya kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku. Ukitoka kwenye singeli la usiku kucha, masikio yanavuma na trebo imefifia. Ukikaa kurekebisha muziki saa hizo utaongeza trebo, na asubuhi itakukwaruza. Usikivu unaorudi baada ya siku moja au mbili hauna maana kwamba hakuna kilichoharibika: mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwamba panya waliowekwa kwenye kelele kubwa walirudi kusikia kwa kiwango cha awali, lakini viungio vingi kati ya seli za sikio na neva vilikuwa vimekufa. Seli zenyewe zenye vinyweleo, karibu 15,000 katika kila sikio, binadamu hazioteshi upya. Kwa shughuli kama hizo vaa vizibo. Vya sponji vinapunguza trebo kuliko besi, ndiyo maana muziki husikika kama uko chini ya godoro. Vilivyotengenezwa kwa wanamuziki hupunguza masafa yote karibu sawasawa, na unaendelea kufaidi.

Kelele ikianza kuharibu, huacha alama yake kwanza kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi karibu na 4,000. Mpimaji wa usikivu hospitalini huiona kwenye mchoro wake kama shimo, miaka mingi kabla mwenyewe hajaanza kusema "rudia, sijakusikia". Omba nakala ya mchoro huo, uwe nao. Lakini usiuchukue nyumbani ukaugeuza kuwa ekwalaiza. Shimo la desibeli 30 ukilijaza kwa kusukuma desibeli 30, umepeleka nguvu mara 1,000 zaidi pale pale palipojeruhiwa, tena kwenye wimbo wote, ubeti wa chini na kiitikio cha kelele kwa pamoja. Kifaa cha kusaidia kusikia hakifanyi hivyo. Kinainua sauti ndogo, kubwa kinaziacha au kuzibana, na huwekwa na mtaalamu mwenye mchoro wako mkononi.