Neema na Rehema: Deni Lililofutwa

Katika vijiji vyetu wako akina mama wengi wanaoitwa Neema, na wengi wanaoitwa Rehema. Kanisani maneno haya mawili hutajwa kila Jumapili. Lakini ukimwuliza mtu tofauti yake, mara nyingi atakujibu, "Aa, si ni kitu kimoja tu?" Hapana. Ni maneno ya jirani, lakini si kitu kimoja. Leo tuyaeleze maana yake katika imani ya Kikristo.

MANENO YENYEWE

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, nasi tunayatumia hata nje ya kanisa. Mvua ikinyesha vizuri na maghala yakajaa, tunasema mwaka huo ni wa neema. Kwa nini? Mkulima amelima kwa jasho lake, ni kweli. Lakini mvua hakuinunua. Amepewa tu.

Rehema ni huruma ya mwenye uwezo kwa mtu aliye mikononi mwake. Anaweza kumwadhibu, tena ana haki ya kumwadhibu, lakini anamwachilia.

Basi shika hivi: rehema ni kutopata adhabu uliyostahili. Neema ni kupata wema ambao hukustahili.

MDAIWA WA MFALME

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Petro anamwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi. Je, mara 7 zatosha? Yesu anamwambia hazitoshi. Kisha anatoa mfano.

Mfalme alikuwa akifanya hesabu na watumishi wake. Akaletwa mtumishi mmoja mwenye deni la talanta 10,000. Hakuwa na kitu. Mfalme akaamuru auzwe, yeye na mkewe na watoto wake na mali yake yote, ili deni lilipwe. Yule bwana akaanguka chini, akaomba apewe muda. Eti atalipa yote!

Hebu tupige hesabu. Zamani zile kibarua wa shamba alipata dinari 1 kwa siku. Talanta 1 ilikuwa kama dinari 6,000. Basi talanta 10,000 ni dinari 60,000,000. Kibarua akifanya kazi siku 300 kila mwaka, asitumie hata dinari moja kwa chakula, atamaliza deni hilo baada ya miaka 200,000. Ahadi ya kulipa yote ilikuwa maneno matupu.

Mfalme alimwonea huruma. Hakumwuza. Hiyo ni rehema. Tena hakumpa muda tu kama alivyoomba, bali alilifuta deni lote. Hiyo ni neema. Alipewa kuliko alichoomba.

Haya, yule bwana akatoka nje. Akakutana na mtumishi mwenzake aliyemdai dinari 100, yaani ujira wa siku 100. Si fedha kidogo, lakini zinalipika. Akamkaba koo. Mwenzake akamwomba muda, karibu kwa maneno yale yale aliyotumia yeye mbele ya mfalme. Akakataa, akamtia gerezani. Mfalme aliposikia alikasirika sana, akampeleka naye kwa watesaji mpaka alipe deni lake lote.

Yesu alitaka kuonyesha jambo moja: mtu aliyesamehewa kweli hawezi kumkaba mwenzake koo. Akimkaba, bado hajaelewa alichopewa.

JE, NEEMA NI RUHUSA YA KUKOSA?

Wako watu wanaosema, "Kama Mungu anasamehe bure, basi tufanye tupendavyo." Swali hili si jipya. Mtume Paulo alilijibu katika barua yake kwa Warumi, sura ya 6, akalikataa kabisa.

Tazama pia habari za Zakayo, katika Luka sura ya 19. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru mjini Yeriko, na watu walimchukia. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Ndipo Zakayo akasimama, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara 4 kila aliyemdhulumu. Basi mwizi wa mbuzi asiseme, "Mungu amenisamehe, yamekwisha." Mbuzi wa watu arudi!

Madhehebu yamebishana sana juu ya neema. Ubishi mkubwa ulianza Ujerumani wakati wa Martin Luther, mwaka 1517. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa kustahili kwake, na kwamba matendo mema hufuata baadaye.

NYUMBANI NA KIJIJINI

Jirani alikopa debe la mahindi, shamba lake likakauka. Ukimwongezea muda, umemrehemu. Ukimwambia, "Acha, limekwisha, tena chukua mbegu hizi upande," hapo umemtendea kwa neema.

Lakini tuelewane. Kusamehe si kuficha uovu. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe anyamaze kwa sababu ya rehema. Mtoto aliyeumizwa asinyamazishwe. Anaweza kusamehe, na bado akatafuta ulinzi na sheria. Rehema hutolewa kwa hiari. Mkosaji hana haki ya kuidai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NA WENZAKO

1. Neema na rehema zina tofauti gani? Toa mfano wa kila moja kutoka kijijini kwenu.
2. Kwa nini mtumishi yule hakuweza kulipa talanta 10,000?
3. Zakayo alirudisha mali kabla ya kupokelewa na Yesu, au baada ya kupokelewa?
4. Je, yuko mtu unayemkaba koo kwa deni dogo? Swali hili ujibu peke yako.