Programu Zisizojaribiwa na Zenye Masharti kwenye Kompyuta za Sharika

Kila tunapokutana na kamati za sharika zilizopokea kompyuta za mradi, swali hili hurudi: kwa nini kompyuta hizi, zinazotumia Linux ya Debian, hazina toleo jipya kabisa la kila programu? Vijana husikia kwamba toleo jipya limetoka, wanataka kuliweka, na kamati haijui iwaruhusu au iwakataze. Wafadhili nao huuliza kwa nini tunatumia programu za zamani. Naomba nieleze, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo inatunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Programu zake hufungwa katika vifurushi, na vifurushi hukaa katika maghala yaliyoko kwenye intaneti. Kifurushi kipya huingia kwanza katika ghala lisilotulia, linaloitwa Sid. Jina hilo limetoka katika filamu ya katuni ya Toy Story, ambamo Sid ni mtoto wa jirani anayevunjavunja vitu vya kuchezea. Waliochagua jina hawakuficha kitu! Kifurushi kikikaa huko siku kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 10, bila kuonekana kasoro kubwa, huhamia ghala la majaribio. Takriban kila baada ya miaka 2 ghala la majaribio husimamishwa, husafishwa, kisha hutangazwa kuwa toleo thabiti. Toleo la 12 lilitoka Juni 2023 na la 13 Agosti 2025. Baada ya kutangazwa, kinachoingia ni marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa tu. Kwa hiyo programu inayoitwa ya zamani ni ile iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwa mtunza hazina wenu.

Suala la programu zenye masharti ni tofauti, ingawa mara nyingi huchanganywa na hili. Hapo swali ni la haki za mtumiaji. Sehemu ya ghala iitwayo main ina programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Sehemu ya non-free ina zile ambazo mwenyewe ameziwekea mipaka. Kifurushi chenye masharti kinaweza kuwa kimejaribiwa vizuri kabisa, na kisicho na masharti kinaweza kuwa kibichi bado. Mfano ulio karibu nasi ni vifaa vya mtandao usiotumia waya: vingi havifanyi kazi bila programu ndogo ya mtengenezaji, na kwa miaka mingi haikuwamo katika diski rasmi ya Debian. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na tangu toleo la 12 programu hizo zimo katika diski, chini ya sehemu ya non-free-firmware. Sisi tunazikubali, maana kompyuta isiyopata mtandao haiwezi kutuma taarifa. Lakini kamati ifahamu kwamba kasoro ikionekana ndani yake, watu wa Debian hawawezi kuifungua na kuirekebisha, humsubiri mtengenezaji.

Sasa kosa langu. Kompyuta ya ofisi moja ilihitaji programu mpya zaidi ya kuendesha printa. Niliongeza ghala la majaribio katika faili ya sources.list nikidhani nitachukua kifurushi kimoja tu. Kifurushi hicho kilidai toleo jipya la libc6, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea, nayo ikavuta vingine vingi. Niliona orodha ndefu na nikabonyeza kukubali bila kuisoma. Printa ilifanya kazi jioni ile. Asubuhi yake kompyuta iliwaka ikaishia kwenye skrini nyeusi, na taarifa ya fedha ya robo mwaka ilikuwa ndani. Kurudisha vifurushi kwenye matoleo ya nyuma ni jambo ambalo Debian haliahidi, na kwa libc6 ni hatari tupu. Ilibidi kuweka mfumo upya. Hesabu zilipona kwa sababu tu zilikuwa katika sehemu ya peke yake ya diski.

Lipo tukio kubwa zaidi. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alikuwa ameisaidia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa. Freund aligundua baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kwa mbali kunachelewa kwa nusu sekunde. Mlango huo ulikuwa umefika Sid na ghala la majaribio. Toleo thabiti haukulifikia. Tukumbuke pia kwamba Freund aliuona akiwa anatumia Sid. Bila watu wanaokubali kujaribu, sisi tunaosubiri tusingelindwa na chochote.

Kwa hiyo hatukatazi majaribio, ila yafanyike kwenye kompyuta isiyo na hesabu za usharika. Penye haja ya kweli ya toleo jipya, tazameni kwanza ghala la backports, ambalo lina vifurushi vya ghala la majaribio vilivyojengwa upya kwa ajili ya toleo thabiti. Kompyuta haichukui kitu humo mpaka iagizwe. Kabla ya kuweka chochote, tumieni amri ya apt pamoja na -s. Itaonyesha kitakachotokea bila kubadili kitu. Mkiona libc6, au orodha ya vitakavyoondolewa, simameni na mpige simu ofisini kwetu kwanza. Na nakala ya hesabu iwe nje ya kompyuta, katika diski inayofungiwa kabatini, kabla ya kijana yeyote kugusa kibodi.