Mama wa nyumbani ni mlinzi wa mali, si mtumiaji tu

Mama akiulizwa kazi yake, iwe ni katika kikao cha shule ya mtoto au dirishani hospitalini, aghalabu hujibu kwa sauti ya kujitetea: "Sina kazi, nipo nyumbani tu." Jibu hilo limezoeleka mno kiasi kwamba hata anayelitoa haoni tena kasoro yake. Lakini ndiye aamuaye kila siku iwapo fedha iliyoachwa asubuhi itafika jioni. Ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani, ni mtoto yupi viatu vimembana, na ni lini mtungi wa gesi utaisha. Kutokana na maamuzi yake madogo madogo, nyumba hupata akiba au huingia katika deni.

Uislamu haukumweka mwanamke huyu katika daraja la mlaji asiye na dhamana. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar (ra) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, Mtume (saw) alifundisha kwamba kila mmoja ana dhamana aliyopewa na ataulizwa juu yake, na miongoni mwa wenye dhamana akamtaja mwanamke katika nyumba ya mumewe. Mwenye kuulizwa ni yule aliyekabidhiwa kitu. Basi uangalizi wa jiko, ghala na kibubu ni amana, na amana hutaka elimu.

Ubanaji si ubakhili

Kabla ya kuingia jikoni, ni vyema kuweka mpaka. Katika sifa za waja wa Mwingi wa Rehema zilizotajwa mwishoni mwa Surat al-Furqan, imo sifa ya kushika njia ya kati katika matumizi, baina ya israfu na ubakhili. Wengi wetu tunaijua vizuri hatari ya upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Wapo akina mama ambao ubanaji wao huanzia kwenye sahani yao wenyewe. Mume atapakuliwa, watoto watapakuliwa, naye atajishindia ukoko na mchuzi uliobaki chini ya sufuria, hata kama ananyonyesha au ana mimba. Akisifiwa kwa kuwa mvumilivu, huendelea hivyo miaka na miaka. Akiba ya namna hiyo hurudi kulipwa zahanati. Mwili wa mama una haki juu yake, na nyumba inayokula kwa uangalifu ni ile ambayo kila aliyemo ndani yake, akiwemo mpishi, ameshiba kwa kiasi.

Daftari litangulie kapu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mama asiyepata mshahara huona daftari ni jambo la wenye maduka, ilhali yeye analihitaji zaidi, kwa kuwa fedha yake huja vipande vipande na hutoka vivyo hivyo. Inatosha kuandika kwa wiki mbili kila kilichonunuliwa, hata kama ni kiberiti au limau moja. Baada ya hapo ajumlishe kwa mafungu: chakula, nishati, sabuni, nauli, vitafunwa vya watoto.

Mara nyingi fungu linaloshangaza ni lile la vitu vinavyonunuliwa kidogo kidogo. Mafuta ya kula yanayopimwa kwa kikombe, mkaa wa kopo, sukari ya robo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo: kila kimoja huonekana rahisi kwa siku, lakini muuzaji wa rejareja naye ana faida yake katika kila kipimo, na mnunuzi huilipa faida hiyo mara 30 kwa mwezi. Mama achukue bei ya kipimo kidogo, aizidishe hadi ifikie ujazo wa dumu au gunia, kisha ailinganishe na bei ya jumla. Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe kwa bei za mtaani kwake.

Tatizo ni kwamba fedha ya dumu zima haipatikani kwa siku moja. Hapo ndipo ujirani unapokuwa mtaji. Akina mama watatu au wanne wanaoaminiana wanaweza kununua kwa pamoja ndoo ya mafuta ya lita 20 au gunia la mchele, wakagawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Wakiandika nani ametoa kiasi gani, watalinda mali na pia udugu.

Moto ni fedha

Maharage ni kitoweo cha bei nafuu, ila yanaweza kumaliza mkaa wa siku nzima. Dawa yake ni maji na subira. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa moto mkali. Mchemko huo mkali usipungue dakika 10, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa mchemko mkali tu.

Baada ya kuchemka kwa takriban nusu saa, sufuria iliyofunikwa vizuri inaweza kuondolewa motoni na kuwekwa ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu au nguo nzito pande zote, kisha ikafunikwa kwa mto au shuka nene. Joto lililomo ndani huendelea kuivisha bila mkaa wala gesi. Baada ya saa tatu au nne mama hukuta maharage yamelainika au yamebakisha kidogo. Ayarudishe motoni yachemke tena, ndipo atie nazi na viungo. Njia hii hufaa zaidi sufuria ikiwa imejaa, na inafaa pia kwa kunde, choroko na makande.

Kwa wanaotumia gesi, kikwazo kikubwa ni siku mtungi unapoisha. Fedha ya kuujaza hutakiwa yote kwa pamoja, na ikikosekana, familia hurudi kwenye mkaa wa kopo ambao gharama yake ni kubwa zaidi. Mama aandike tarehe aliyoanza kutumia mtungi na tarehe ulipoisha. Akishajua kwamba mtungi wake wa kilo 6 hudumu siku kadhaa, agawanye bei ya kujaza kwa siku hizo, na kila siku atumbukize kiasi hicho kibubuni kana kwamba ananunua mkaa. Mtungi ukiisha, fedha yake itakuwa imekwisha kungoja.

Kisichotupwa

Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (saw) aliagiza kuwa tonge likianguka liokotwe, lisafishwe na kuliwa. Ikiwa tonge moja lina hadhi hiyo, vipi sufuria nzima ya wali inayomwagwa jalalani baada ya futari?

Njia ya kwanza ya kuepuka kutupa ni kupima. Mama awe na kikombe kimoja cha kupimia mchele na ajue familia yake hula vikombe vingapi, mchana na usiku. Desturi ya kupika kwingi ili kibaki cha asubuhi inahitaji tahadhari. Wali uliokaa usiku kucha bila jokofu unaweza kuzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukipashwa moto. Kwa nyumba isiyo na jokofu, kupika kwa kipimo ni uchumi na pia ni afya. Mwenye jokofu auhifadhi wali mapema, asingoje hadi wakati wa kulala, na akiupasha moto ahakikishe unafuka mvuke hadi katikati.

Njia ya pili ni kujua matumizi ya mabaki. Machicha ya nazi huliwa na kuku. Mkate mkavu hulowekwa katika maziwa na yai ukakaangwa. Maganda ya ndizi na viazi huwa mbolea. Maembe yanapofurika sokoni na bei kushuka, yale mabichi hukatwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, yakawa achari ya miezi inayofuata. Ndimu nazo ni vivyo hivyo.

Katika pwani yetu hakuna kitu kinachofundisha somo hili kama khanga. Doti huanza maisha yake ikiwa mpya, ikavaliwa harusini na kwenye maulidi. Ikipauka hubaki kuwa vazi la nyumbani na la kuswalia. Kisha huwa mbeleko ya mtoto, halafu hukatwa ikawa nepi, na mwisho wake ni kitambaa cha jikoni au dekio. Bibi zetu hawakuwa na neno la kigeni la kueleza utaratibu huo, lakini waliuishi.

Maji nayo yana israfu yake. Imethibiti kutoka kwa Anas (ra) kwamba Mtume (saw) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, na akioga kwa kiasi cha mudi nne hadi tano. Mtoto anayefundishwa kutawadha kwa kopo badala ya bomba lililo wazi hujifunza Sunna na kupunguza ankara kwa wakati mmoja.

Bustani katika kiroba

Mwenye uwanja wa hatua mbili tu anaweza kupata mboga. Kiroba cha kilo 50 hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati yake hupangwa mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yapenye. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia. Mchicha huanza kuchumwa baada ya takriban wiki tatu hadi nne. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, na hayachoki kuchipua. Maji yaliyooshea mchele na mboga hutosha kumwagilia sehemu kubwa. Yale ya sabuni yasitumike.

Kibubu, upatu na mlango wa riba

Yote yaliyotangulia yana lengo moja kubwa, nalo ni kuifanya nyumba isihitaji mkopo wa riba. Mitaani kwetu imeenea mikopo iliyopewa jina la "kausha damu", na wanaonaswa zaidi ni wanawake. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 kwa ajili ya sare za shule, akatakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Atakuwa amelipa 130,000, na siku atakayokosa marejesho, vyombo alivyoweka rehani vitachukuliwa mbele ya watoto wake. Wengine hukopa mahali pa pili ili kulipa pa kwanza, na mume huyajua hayo siku godoro linapotolewa nje. Riba imekemewa katika Surat al-Baqara kwa ukali usiopatikana katika maasi mengi mengine, na walioyapitia haya wanaweza kuwa mashahidi wa hekima ya makemeo hayo.

Sasa mama huyo huyo lau angetumbukiza kibubuni shilingi 500 kila siku kutokana na mkaa na mafuta aliyookoa, mwaka ungeisha akiwa na shilingi 182,500. Januari ya shule ingemkuta amejiandaa.

Upatu nao ni msaada mkubwa. Wanachama huchanga sawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu kile kile alichochangia, bila nyongeza. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameujuzisha kwa kuwa ni kukopeshana kwa wema. Panapoingia mkopo wa kurejeshwa kwa ziada, hata kama kikundi ni cha akina mama wa msikiti mmoja, hukumu hubadilika, na jina zuri la kikundi haliigeuzi.

Wajibu wa baba

Hata hivyo, ustadi wa mama haumwondolei mume jukumu la kulisha familia yake. Hind bint Utba alipomshitakia Mtume (saw) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ana mkono wa birika na hampi yeye na wanawe cha kutosha, Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Baba anayeacha fedha isiyofika mchana, kisha akatarajia nyama jioni, asimtwishe mkewe lawama kwa jina la kubana matumizi. Na akiiona akiba aliyoiweka mkewe, asiifanye sababu ya kupunguza anachotoa. Kufanya hivyo ni kumwadhibu kwa uaminifu wake.

Vilevile mama anayeuza achari, maandazi au ushonaji wake, chumo hilo ni lake. Akilitumia kwa familia ni wema wake. Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (ra), aliyekuwa na mali kuliko mumewe, alipouliza kama yafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na mayatima aliowalea, Mtume (saw) alimpa habari ya ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Inafaa wanandoa wakae pamoja mwishoni mwa kila mwezi, daftari likiwa katikati yao, wazungumze kwa uwazi yaliyoingia na yaliyotoka.

Mwisho wa yote ni jirani. Abu Dharr (ra) aliusiwa na Mtume (saw) kwamba akipika mchuzi auongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Usia huo unakusanya mambo mawili, uchumi na ukarimu, ndani ya chungu kimoja. Mama aliyeokoa kikombe cha mchele leo ana uwezo wa kumpelekea bakuli mjane wa nyumba ya pili, na hakuna atakayejua isipokuwa Mola wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki za nyumba zetu, azilinde na israfu, ubakhili na riba, na awalipe mema akina mama wote wanaozichunga. Amin.