Babu Ashika Fimbo ya Gofu

Wengi wetu tukaao Kakamega tumepita mara nyingi kando ya uwanja wa gofu, tukaona majani yaliyokatwa vizuri na watu wakitembea taratibu juu yake, tukasema moyoni, "Hayo ni mambo ya wenyewe," kisha tukaenda zetu. Hata mimi, niliye karani wa serikali, nimesema hivyo kwa miaka mingi. Jumamosi iliyopita nilikwenda huko pamoja na babu yangu, na sababu ya kumchukua yeye nitaieleza.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu katika nchi yetu, na Wazungu wakamiminika kuja kuchimba. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadili sheria ya ardhi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ili shamba liweze kutwaliwa kwa machimbo pasipo mwenyewe kupewa shamba jingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Siku zile, popote Wazungu walipokaa katika Kenya walitaka na klabu yao, na Mwafrika aliingia humo kama mpishi, mtumishi au kedi, yaani mchukuzi wa fimbo za wachezaji.

Babu alikuwa kedi tangu 1955 hata 1959, katika uwanja fulani wa mbali nisioutaja. Siku moja aliinua fimbo ya bwana wake, apate kujua uzito wake tu. Akafukuzwa siku ile ile bila ujira wa juma zima.

Basi tulipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha tayarisha maneno ya kujieleza, kama afanyavyo karani. Hayakuhitajiwa. Askari alisema, "Mulembe, Mzee," akatupisha. Mwanachama mmoja mwenye mvi akatuvutia viti, na chai ikaletwa.

Uwanja wenyewe ni mdogo, wa mashimo tisa. Mchezo kamili una mashimo kumi na manane, desturi iliyoanza St Andrews, Uskoti, mwaka 1764. Kwa hiyo mtu amalizapo tisa huanza tena. Nilipotamka neno "mdogo", mwenyeji wetu alicheka. Akatusimulia habari za Ian Woosnam, bingwa wa Wales, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1986, na mwaka 1991 akashinda yale ya Masters huko Marekani. Huyo alijifunza utotoni katika klabu ya kijijini iitwayo Llanymynech, iliyo juu ya kilima mpakani mwa Wales na Uingereza. Mashimo kumi na matano yako Wales na matatu Uingereza, na katika shimo la nne mtu hupiga mpira akiwa nchi moja ukaingia shimoni nchi ya pili! Kilima hicho nacho kilichimbwa shaba zamani sana. Babu alisikiliza, akauliza kama huko pia watoto huchukua mikoba. Jambo hilo hakuna aliyeweza kumjibu.

Kisha tukafuatana na wachezaji. Ardhi ya kwetu haikulala sawasawa, na mgeni hudanganywa na mteremko. Kijana mmoja aliinama kupiga mpira kuelekea shimoni, umbali wa hatua nane hivi, na Babu, ambaye tangu chai hakuwa amesema neno, akamwambia, "Mwanangu, lenga kushoto. Majani yamelala." Kijana akamtazama, akatii. Mpira ukapinda kama nyoka, ukatumbukia. Wote wakapiga makofi, na kijana akampa Babu fimbo kwa mikono miwili.

Babu alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaishika, akaipima uzito kwa muda mrefu, na mimi nikageuza uso kidogo. Pigo la kwanza lilirusha majani matupu. La pili liliupata mpira, ukaenda kama hatua arobaini, ukasimama penye mwinuko.

"Nani atauokota?" akauliza.

Kedi akaanza kukimbia. Babu akamshika bega, akaufuata mwenyewe polepole, fimbo ingali mkononi mwake.