Je, Magendo Nayo ni Kazi?

Msimu mmoja wa karafuu alitujia chuoni kijana akisinzia juu ya msahafu, nguo zake zikinuka chumvi na karafuu. Tulipomwuliza alikokuwa usiku, alijibu kwa adabu: "Nilikuwa kazini, maalim." Kazi yenyewe ilikuwa kupakia magunia katika mashua ya kwendea Shimoni, pwani ya Kenya. Hatukumpiga, lakini neno lile "kazini" halikututoka moyoni.

Ndugu wasomaji, wataalamu wa elimu ya jamii nao wamelipima neno hilo. Mwaka 1937 Edwin Sutherland wa Marekani alitoa kitabu kilichojengwa juu ya masimulizi ya mwizi mmoja. Alionyesha kwamba mwizi wa namna ile hazaliwi, hufunzwa: ana walimu wake, ustadi wake na miiko yake, na mwiko mkubwa ni kutomsaliti mwenziwe.

Sinema nayo yaonyesha hayo. Katika filamu ya Rififi ya mwaka 1955, iliyotengenezwa Ufaransa na Jules Dassin, wezi wanne watoboa dari wapate kuingia duka la vito. Kwa karibu nusu saa hapasemwi neno wala hapapigwi muziki. Mtazamaji huwaona kama mafundi, hata akatamani wafaulu; na hapo ndipo penye hatari. Mwisho wote wanne wanakufa.

Magendo yetu hayana tofauti. Yana nahodha ajuaye maji kujaa na kupwa, yana mpagazi, mlinzi wa njia na mnunuzi wa ng'ambo. Jasho lao ni jasho la kweli. Wala tusikisahau chanzo. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, lilipewa peke yake haki ya kununua karafuu, na kwa miaka mingi bei yake ilikuwa chini ya bei ya nje. Mkulima aliona jasho lake laliwa na wengine. Bei ilipopandishwa hadi Sh. 15,000 kwa kilo mwaka 2011, magendo yalipungua. Basi uadilifu katika bei nao ni ulinzi.

Walakini jasho peke yake halihalalishi chumo. Mtume (S.A.W.) alimsifu mwenye kula kwa kazi ya mikono yake, akamtolea mfano Nabii Daud, hakumsifu kila mwenye kuchoka. Tulimwuliza kijana yule: "Magunia yale ni ya nani?" Hakujua. Huenda ni ya mkulima mwenyewe. Huenda yameibwa shambani kwa yatima. Na mashua ingezama katika mkondo wa Pemba, nani angethubutu kwenda kwa mama yake kumwambia?

Enyi wazazi, mtoto akileta fedha nyumbani, tusikimbilie kumshukuru. Tumwulize kwanza swali lile lile, nasi tuwe tayari kusikia jawabu, hata kama chungu hakijapikwa.

Wabillahi taufiq.