Kingo za Mito Zisiliwe na Maji
Maneno kwa wakulima wa Rwamgasa

Shamba la kando ya mto lina rutuba, lakini kila mvua kubwa inyeshapo mwenyewe hupoteza sehemu yake. Maji hula ukingo kwa chini. Udongo wa juu huning'inia, kisha huporomoka. Tena Rwamgasa kuna hatari ya pili. Uchunguzi umeonyesha kuwa matope ya vijito paoshwapo dhahabu yana zebaki, nayo ni sumu. Ukingo wenye marudio ukiporomoka, sumu hiyo hufuata maji hata ikawaingia samaki.

Kupima hatari

Mwezi wa Oktoba piga kigingi hatua 10 kutoka ukingoni. Fanya hivyo mahali 3. Mwezi wa Mei pima tena. Ukikuta hatua 8, mto umekula hatua 2. Basi ghala iliyo hatua 12 kutoka ukingoni imebakiwa na misimu 6 tu, na gharika moja yaweza kuipunguza. Tazama pia nyufa zinazofuata ukingo, mizizi iliyo wazi, na miti iliyoinamia maji.

Kukinga

1. Usilime mpaka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakinga mita 60 kutoka ukingo wa mto.

2. Acha matete na nyasi ziote. Penye upara panda majani ya tembo mvua zianzapo. Mizizi yake hushika udongo.

3. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja penye mteremko mdogo, wasikanyage ukingo wote.

4. Shamba la juu lilimwe matuta yanayokata mteremko, maji yanywewe na ardhi.

5. Usichimbe mchanga wala kuosha dhahabu ukingoni.

Ukuta wa mawe hugharimu sana, na maji huweza kuuchimba kwa chini ukaanguka.

Wengine husema nyasi ni kitu dhaifu. Na watazame Shinyanga: tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliwahimiza watu kufufua ngitili za wazee wao. Ardhi iliyokuwa tupu ilifungiwa mifugo, na miti na nyasi zikarudi zenyewe.

Lakini mmoja akipanda na jirani akilima hadi majini, mto utapita kwa jirani. Shaurianeni kabla ya mvua, nanyi mwulizeni Bwana Shamba wenu.